Nani Anaaminika Getini Doha?

Mkaazi wa Qatar anayerudi kutoka likizo, awe mhandisi au mfagiaji, akifika kwenye uhamiaji wa Uwanja wa Ndege wa Hamad halazimiki kupanga foleni mbele ya ofisa. Anaskani kitambulisho chake cha ukaazi au pasipoti, kioo kinafunguka, anasimama ndani, mashine inamsoma kidole au mboni ya jicho, kioo cha pili kinafunguka. Ameingia. Halipi senti. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tulikutana na geti la namna hii kwa mara ya kwanza ugenini, na wanaorudi nyumbani hulisimulia kwa fahari.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Doha. Uwanja wa Schiphol, Uholanzi, ulianza mwaka 2001 na mpango wa Privium: waliolipia uanachama walipita kwa kuonyesha mboni ya jicho. Marekani ikafuata na Global Entry mwaka 2008. Huko msafiri anajaza maelezo yake, anachunguzwa, anahojiwa ana kwa ana, analipa dola 120 (zilikuwa 100 mpaka Oktoba 2024), kisha kwa miaka 5 anapita njia ya haraka. Hoja ni ile ile kila mahali: serikali ikimjua mtu mapema haina sababu ya kumsimamisha kila anapopita, na ofisa anabaki na nafasi ya kumtazama vizuri yule asiyejulikana.

Naliunga mkono wazo hilo. Ninachokipinga ni namna uaminifu wenyewe unavyogawiwa, na ni vigumu kupata mji unaolionyesha jambo hili waziwazi kama Doha, ambako karibu wakaazi tisa kati ya kumi ni wageni. Kwa hiyo nimeziita sauti tano zibishane. Si watu halisi. Nimewajenga kutokana na hoja wanazopeana Waswahili wa hapa kwenye vyumba vya pamoja, garini na barazani baada ya sala ya Ijumaa. Mhasibu ni mama kutoka Dar es Salaam, ofisi yake iko West Bay. Mlinzi ni kijana kutoka magharibi mwa Kenya. Dereva ni mtu wa Mombasa aliyeajiriwa na familia ya Kiqatari. Dada alikuja kama mfanyakazi wa nyumbani, sasa anafanya usafi hotelini. Mzee ni Mzanzibari wa Muscat, amekuja kumtembelea mwanawe.

Mhasibu: Mimi niseme wazi, lile geti limenirudishia heshima. Nimesimama mbele ya maofisa wa nchi nyingi. Wanaipekua pasipoti ya Tanzania ukurasa kwa ukurasa kama wanatafuta kosa, wananitazama usoni, wanaitazama tena picha, wanauliza nimekuja kufanya nini, nina fedha kiasi gani. Mashine ya Hamad haina maswali hayo. Inataka kujua jambo moja tu, kama mimi ni mimi. Mzungu wa kampuni ya gesi anasimama nyuma yangu na anaulizwa hilo hilo.

Mlinzi: Hiyo heshima naijua, mama, hata mimi napita hapo hapo. Lakini wewe unaanza kuhesabu getini, mimi naanza kuhesabu kijijini. Nilitafuta cheti cha polisi cha mwenendo mwema, nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Nikapimwa damu na kifua Nairobi. Nikafika Doha nikapimwa tena, nikachukuliwa vidole tena. Kila aliyevichukua aliniambia ni kwa ajili ya usalama. Serikali mbili zinanijua mpaka mapafu yangu. Sasa nauliza, baada ya kujulikana kote huko, nimeaminiwa kwa lipi?

Mhasibu: Umeaminiwa kupita.

Mlinzi: Kupita kwenda wapi? Kwenda kazini kwa mtu yule yule aliyeniombea viza. Siku akiifuta, geti halinijui.

Hapa lazima niwaingilie, maana historia ya Doha inampa Mlinzi nguvu zaidi ya anavyojua. Uwanja wa Hamad ulifunguliwa mwaka 2014, na kwa miaka yake minne ya kwanza mfanyakazi mgeni hakuweza kutoka nchini bila idhini ya mwajiri wake, kafili. Sheria Na. 4 ya 2009 ilidai kibali cha kutoka. Sheria Na. 21 ya 2015, iliyoanza kutumika Desemba 2016, ilibadili maneno lakini ikamwachia mwajiri nafasi ya kupinga. Ni Sheria Na. 13 ya 2018 iliyowaondolea kibali hicho wafanyakazi walio wengi kuanzia Oktoba mwaka huo, na hata hiyo ilimruhusu mwajiri kupeleka orodha ya watu wasiozidi asilimia 5 ya wafanyakazi wake ambao wangeendelea kuomba ruhusa. Wafanyakazi wa nyumbani walisubiri mpaka Januari 2020. Kwa maneno mengine, uwanja uliosifiwa duniani kwa kuwahudumia watu upesi ulikuwa pia mahali ambapo mtu mzima, mwenye tiketi mkononi na msiba nyumbani, angeweza kurudishwa kwa sababu mtu mwingine hakubonyeza kitufe.

Na bado kuna suala la pasipoti. Sheria ya 2015 inamkataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi, na faini yake inafika riyali 25,000. Geti la kisasa halina msaada kwa mtu ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini.

Dada: Mimi nilikuwa kadama, hayo mnayasoma, mimi nimeyaishi. Sheria ya sasa inasema mfanyakazi wa nyumbani amwarifu mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka. Kuarifu, si kuomba. Ni haki yangu na nashukuru. Lakini ndani ya nyumba, ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba baada ya siku tatu unaondoka, umempa saa 72 za kufanya anachotaka. Anaweza kukukatia mshahara wa mwisho. Anaweza kwenda kushtaki kwamba umetoroka, nawe uko jikoni kwake unamwoshea vyombo. Ukifika uwanjani, geti linakataa. Mashine haisemi kwa nini. Inawaka nyekundu tu, unaambiwa nenda dirisha lile.

Mhasibu: Lakini dada, hiyo si dhambi ya geti. Aliyeshtaki uongo ni mtu.

Dada: Ni mtu, mama. Ila zamani mtu yule ilibidi aje asimame. Sasa uongo wake unafika uwanjani kabla yangu, na una sura ya serikali.

Naomba msomaji aikumbuke hoja hiyo ya Dada. Mashine ya uhamiaji inarudia uamuzi uliokwisha kufanywa mahali pengine. Cheki iliyorudi benki, deni, shauri la mwajiri, vyote vinaweza kuzaa zuio la safari, na msafiri akalijua mara ya kwanza akiwa tayari ameshapeleka mizigo. Wepesi wa geti unategemea ukweli wa kilichoandikwa nyuma yake. Teknolojia ya mboni ya jicho yenyewe ina historia ya pande mbili katika Ghuba: Falme za Kiarabu ziliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahsusi ili kuwakamata watu waliokwisha kufukuzwa nchini wanaojaribu kurudi kwa pasipoti mpya. Jicho lilelile linalomfungulia mmoja mlango ndilo linalomfungia mwenzake.

Dereva: Nyinyi wote mnasema ndege. Hebu njooni Abu Samra. Qatar ina mpaka mmoja tu wa nchi kavu, ule wa kusini unaokwenda Salwa upande wa Saudia, na mimi ndiyo njia yangu, nawapeleka wakubwa Al-Hofuf, mara nyingine Umra. Siku za Idi au mwisho wa wiki magari yanajaa. Wizara ya Mambo ya Ndani imeweka huduma ya kujisajili mapema kwenye programu ya Metrash, unaingiza gari na abiria kabla ya kutoka nyumbani, ukifika kuna njia yako. Ni kitu kizuri, wallahi. Lakini baba na mama na watoto ni raia wa Ghuba, wanavuka kwa kitambulisho. Mimi ni lazima niwe na viza ya Saudia na pasipoti yenye muda. Basi gari zima linakwenda kwa mwendo wa pasipoti yangu. Watoto wananiuliza, ami, kwa nini sisi tunakungoja wewe?

Mhasibu: Unawajibu nini?

Dereva: Nawaambia mimi nimetoka mbali.

Mzee: Usiwadanganye watoto, mwanangu. Na wao walionja. Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar, na mpaka huo wa Abu Samra ukafungwa. Raia wa Qatar waliokuwa katika nchi zile za Ghuba walipewa siku 14 waondoke. Watu hawa walikuwa wakivuka kwa kadi tu miaka na miaka, wameoana, wana ngamia malishoni upande wa pili. Haikuwafaa kadi wala ukoo. Hali ile haikwisha mpaka makubaliano ya Al-Ula, Januari 2021. Sisi Oman tulikaa nje ya ugomvi na bandari zetu ndizo zilizowapelekea bidhaa. Mimi niliyaona, nikasema kumbe hii njia ya haraka ni hisani ya wakubwa. Wakikasirikiana, aliyeaminika jana anasimama na mgeni.

Mlinzi: Hata Marekani, mzee. Februari 2020 serikali yao iliwafungia watu wa jimbo la New York wasijiunge na Global Entry wala wasiongeze muda, jimbo zima, kwa sababu lilikuwa na sheria yake kuhusu leseni za udereva na halikutaka kuwapa maofisa wa mipaka rekodi zake.

Mlinzi amesema kweli, na kesi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Julai mwaka huo huo wizara husika ikakiri mahakamani kwamba baadhi ya maelezo iliyoyatoa kutetea zuio hilo hayakuwa sahihi, na zuio likaondolewa. Tofauti iko hapo. Watu wa New York walikuwa na mwanasheria mkuu wa jimbo aliyekwenda mahakamani kwa niaba yao. Kadama kama Dada hana jimbo.

Tena raia wa nchi za Afrika hawamo kabisa katika orodha ya nchi ambazo watu wake wanaweza kuomba Global Entry, labda mtu awe tayari ana ukaazi wa kudumu wa Marekani. Qatar nayo, ilipofungua milango yake Agosti 2017 kwa raia wa nchi 80 kuingia bila kuomba viza mapema, Seychelles na Afrika Kusini zilikuwemo. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwemo. Mtu mmoja mmoja hakupimwa. Ilipimwa pasipoti.

Mhasibu: Basi mnataka turudi kwenye muhuri na meza? Mimi nimevuka mipaka ya kwetu kwa basi enzi zile. Najua ofisa anaposema pasipoti yako ina tatizo kidogo, anachotaka ni nini. Najua wanawake wanaobeba nyanya na vitenge wanavyotoa cha chai kila wanapopita. Geti la kioo halina mfuko. Hilo nataka likubaliwe kabla hatujaendelea.

Dereva: Tumekubali. Halina mfuko.

Mhasibu: Na kwetu mambo yamebadilika, msijifanye hamuoni. Kituo cha pamoja cha Namanga, Marais Magufuli na Kenyatta walikizindua Desemba 2018. Unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja. Kenya, Uganda na Rwanda wanavukiana kwa kitambulisho tangu 2014.

Mlinzi: Na Tanzania?

Mhasibu: Tanzania hatumo katika mpango huo wa vitambulisho. Naliona ni kosa letu, na nalisema hapa mbele ya Mkenya.

Mzee: (anacheka) Ahsante kwa kusema.

Mlinzi: Lakini mama, hata huko kwetu angalia nani kapewa njia ya haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wa wafanyabiashara waaminifu wa forodha. Kampuni kubwa yenye vitabu na wakaguzi inasajiliwa, malori yake hayafunguliwi kila mara. Yule mama wa nyanya amevuka Busia miaka ishirini, hajawahi kukamatwa na magendo. Nani kamwandikia popote kwamba ni mwaminifu? Amepewa fomu nyepesi ya mizigo ya chini ya dola 2,000, sawa. Fomu ile inautambua mzigo. Yeye mwenyewe haijamtambua.

Hapo ndipo mjadala ulipofika nilipotaka ufike, na nitasema langu kabla hawajaendelea.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumekwisha kuishi chini ya mfumo uliomjua mfanyakazi kwa alama za vidole na usimwamini hata kidogo. Kenya ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wenyeji mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole akapewa kipande, akakibeba shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo mwajiri aliandika siku aliyomwajiri, mshahara wake, na siku aliyomwachisha. Bila sahihi ya kumwachisha hakuna aliyeruhusiwa kumwajiri, na aliyeondoka bila hiyo alisakwa kama mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku aliyapinga hayo pamoja na kodi. Alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, risasi zikafyatuliwa, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Sisemi Doha ya leo ni Nairobi ya wakati ule. Qatar imefuta kibali cha kutoka kwa karibu wote, na mwaka 2020 ikafuta sharti la kupata ridhaa ya mwajiri wa zamani kabla ya kubadili kazi. Ninachosema ni kwamba kipande kilikuwa na kasoro moja ambayo mifumo ya kisasa imeirithi: mfanyakazi aliibeba rekodi yake mwenyewe lakini haikuwahi kumsemea. Mwajiri ndiye aliyeandika, na mwajiri mwingine ndiye aliyesoma.

Na rekodi mbaya tayari inasafiri. Kila aliyekwenda Ghuba kufanya kazi anavijua vipimo vya GAMCA, siku hizi Wafid. Ukionekana hufai kiafya kwa nchi moja, jibu hilo linaonekana katika nchi zote za Baraza la Ushirikiano la Ghuba. Wapo waliokosa kazi Saudia kwa kivuli kwenye mapafu kilichosomwa kwa ajili ya nchi nyingine. Lakini mtu akikaa Doha miaka mingi, akamaliza mikataba yake, hana deni wala kesi, akavuka Hamad kila likizo akarudi siku aliyosema, habari hiyo njema haifiki popote. Akiomba kazi Muscat anaanza upya kabisa: cheti cha polisi, damu, kifua, vidole. Hakuna dirisha la kumwuliza Doha inasemaje juu yake.

Mlinzi: Ndiyo ninayoitaka. Nipewe cheti. Mpango wa wasafiri waaminifu uanze na sisi tunaochunguzwa kuliko wote. Mtu aliyemaliza miaka mitano safi, viza yake ya kurudi itoke kwa siku chache, Saudia na Oman zimtambue, na kwetu Nairobi asiombwe tena cheti cha mwenendo mwema kana kwamba alikuwa jela.

Mhasibu: Sikubaliani, na nitakuambia kwa nini. Unataka rekodi yako itembee nchi sita za Ghuba. Rekodi ikishatembea huwezi kuichagulia siku. Leo imebeba sifa yako. Kesho mwajiri anakwenda kushtaki kwamba umetoroka, kama alivyosema Dada, na shtaka hilo linatembea kwenye waya ule ule. Sasa hivi ukionewa Qatar una nafasi ya kuanza maisha Oman. Ukiunganisha kila kitu, umeonewa kote.

Dereva: Hapo mama kanishinda. Mimi ninaye rafiki alianza upya Muscat hivyo hivyo, kwa kuwa hawakujua kilichompata kwingine. Kutojulikana nako ni hifadhi.

Mlinzi: Hifadhi ya mtu anayejificha. Mimi sina cha kuficha.

Dada: Usiseme hivyo, kaka. Mimi pia sikuwa na cha kuficha.

(Kimya kidogo, kisha Mzee.)

Mzee: Baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika, sisi wa Unguja, Pemba na Mombasa tulifika Muscat wengi wetu bila karatasi ya kutosha. Ilibidi sheikh wa kabila aseme, ndiyo, namjua babu yake, huyu ni wetu. Kulikuwa na dhuluma humo, msinielewe vibaya. Asiye na mtu wa kumsemea alibaki nje, na wapo waliosemewa kwa upendeleo. Lakini yule sheikh ulimjua nyumba yake. Akikunyima ushahidi, ulikwenda ukakaa mlangoni kwake ukamwambia, sema mbele yangu kwa nini. Hii mashine ya Doha mlango wake uko wapi?

Mhasibu: Sheria ipo, mzee. Qatar ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2016, Sheria Na. 13. Kenya na Uganda 2019. Tanzania 2022.

Mlinzi: Na vyombo vya usalama?

Mhasibu: Sheria ya Qatar inaviachia nafasi kwa mambo ya usalama wa taifa. Za kwetu pia zina milango ya aina hiyo.

Mzee: Basi bado sijaonyeshwa mlango.

Mlinzi na Mhasibu wote wana haki, na ndiyo maana sitawapatanisha kwa kumpa kila mmoja nusu. Mlinzi amelijua jambo kubwa: anayechunguzwa sana anastahili kupata kitu kwa kuchunguzwa huko. Mhasibu ameona hatari yake. Kwangu mimi jawabu liko katika utaratibu wa mambo, nini kitangulie. Kabla ya rekodi kuvuka mpaka wowote, mwenyewe aione, kwa lugha anayoisoma. Lalamiko la mwajiri lisifanywe zuio la safari kabla mshtakiwa hajaitwa na kusikilizwa. Na pale uwanjani, upande wa abiria, awepo mtu mwenye mamlaka ya kusoma sababu ya taa nyekundu na kumwambia msafiri kabla ndege haijaondoka. Haya yakiwepo, cheti cha Mlinzi kinakuwa haki. Yasipokuwepo, kitakuwa kipande kingine, mara hii bila kikopo.

Kuna watakaosema serikali zetu hazina nguvu ya kuyadai haya. Kila nchi ya Afrika Mashariki imekuwa ikijadiliana na nchi za Ghuba peke yake kuhusu wafanyakazi, na mjadala ukaishia kwenye idadi ya watu watakaopelekwa na mshahara wa chini. Doha inawahitaji walinzi wa Kenya, madereva wa Pwani, wasafishaji wa Uganda, na ndege za Qatar zinatua Nairobi, Entebbe, Kigali, Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar. Nchi za Jumuiya zikikaa upande mmoja wa meza zina cha kuweka mezani. Rekodi ya msafiri iwe kipengele cha makubaliano hayo, pamoja na mshahara.

Dereva: Na wenye fedha? Pale Hamad kuna huduma ya kulipia, Al Maha, unapokelewa, unasindikizwa. Hakuna anayewauliza rekodi.

Mhasibu: Hiyo ni biashara, haina neno. Mradi wasiiite uaminifu.

Mlinzi: Mama, kwa hiyo cheti changu unakikubali?

Mhasibu: Nakikubali kikiwa mikononi mwako na si mwao. Uamue wewe lini ukionyeshe na umwonyeshe nani.

Mlinzi: Na shtaka la uongo?

Mhasibu: Lisivuke mpaka bila hukumu.

Dada: Mnapanga vizuri, lakini mnapanga kana kwamba mambo yanakwenda mbele tu. Dada yangu mdogo yuko Kuwait. Sheria zao walizilegeza, kisha Julai 2025 wakaweka sharti la kibali cha kutoka kwa wageni wa sekta binafsi. Sasa anabonyeza kwenye simu, anangoja mwajiri akubali, ndipo aende uwanjani. Geti lao nalo ni la kisasa. Kwa hiyo mimi siombi geti liende upesi zaidi. Mkataba wangu unaisha mwakani, nina mtoto Tanga anaanza darasa la kwanza. Nataka niingie ofisi yoyote ya uhamiaji Doha, nitoe kidole changu wanachokijua vizuri kuliko mama yangu, niulize kuna nini juu ya jina langu, nijibiwe siku hiyo hiyo. Nikishajibiwa, nitanunua tiketi.